Ini Lenye Mdomo

Lufingo, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na mimi nimechoka kubishana.

Leo dada yangu Tusekile alitakiwa kwenda hospitali Mbeya. Macho yake yamekuwa ya njano tangu wiki iliyopita, na zahanati imesema ini lichunguzwe haraka. Gari lilikuwa mlangoni. Yeye alikaa jikoni akimenya ndizi, hataki kuinuka.

"Kaka yangu anatengeneza maini Ulaya. Mbeya nikafuate nini?"

Tangu nije kusalimia, amelitangaza hilo kwa kanisa zima. Jana mama mmoja wa kijiji cha Suma aliniletea jogoo, akaniomba nimwekee mumewe nafasi.

Nafasi!

Ninachotengeneza ni kipande cha plastiki angavu, kidogo kuliko kiberiti. Ndani yake mna mifereji myembamba kama unywele, na humo tunaotesha seli za ini la binadamu. Tunapitisha dawa iliyobebwa na chembe za nano, ndogo mno hata darubini ya kawaida haizioni, tujue kama ini litadhurika kabla dawa haijamfikia mgonjwa. Basi. Hakuna cha kumwekea mtu tumboni. Nimeyaeleza haya mbele ya wanasayansi bila kutoa jasho. Leo, kwa Kinyakyusa changu kilichoota kutu, nililowa.

Tusekile alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo gwe, wewe, umezeekea ugenini ukitengeneza ini lisilomfaa mtu?"

Dereva alicheka mpaka akashika mlango. "Babu, hapo umepigwa. Tunaondoka, au nizime gari?"

Alizima.

Maisha yangu yote nimefanya kazi na maini. Sijawahi kukutana na lenye mdomo.

Nilipandisha sauti. Nikamwambia ataponzwa na ubishi wake. Ndipo akaweka kisu chini.

"Najua hulitengenezi, mimi si mtoto. Lakini Jumapili unapanda ndege. Wakinilaza huko, nani atanieleza wanachosema? Mara ile ulisema unakwenda kusoma tu. Umerudi na mvi."

Maabara wananisubiri kwa jaribio la mwisho kabla sijastaafu, la dawa niliyoihangaikia nusu ya umri wangu. Tusekile anajua. Angeweza kuniomba tu nibaki, kama watu wengine wanavyoombana. Badala yake amenizungusha asubuhi nzima, na hata ninapoandika haya bado nimemkasirikia.

Jioni nimewaandikia kwamba Jumapili sirudi, wagandishe kila kitu. Seli za ini zikigandishwa vizuri hungoja miaka.

La Tusekile haligandishwi.

Dereva anakuja tena kesho alfajiri. Tusekile amekubali kupanda, mradi nikae naye Mbeya hadi atoke. Ila kipimo kinataka tumbo tupu. Hata chai asionje. Hilo bado sijamwambia.

Nianzie wapi?