Hadi Desemba Iishe

Mikumi, 4 Septemba 1993

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mguu wako umepoa. Sisi huku wazima.

Mimba yangu sasa iko mwezi wa sita. Kadi ya kliniki inaonyesha nitajifungua mwishoni mwa Desemba. Tatizo ni kwamba Pastory anafungua gesti yetu hapa barabarani tarehe mosi Desemba, na mpishi ni mimi. Daktari wa zahanati mpya ya binafsi anasema hakuna shida: katikati ya Novemba atanichoma sindano ya uchungu, mtoto atoke, nami nipate wiki mbili za kupumzika kabla ya wageni. Pastory ameshakubali. Mimi nimesema kwanza nikuulize wewe uliyenilea, na tena ni mkunga.

Mwanao,
Oliver


Kilosa, 11 Septemba 1993

Oliver,

Marahaba. Mguu unauma kama kawaida. Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani miwani imeharibika.

Kwa hiyo siku hizi mtoto naye ni mgeni wa gesti, ikifika saa nne asubuhi anagongewa mlango aachie chumba! Huyo Pastory juzi tu alikuwa anatandaza mitumba chini pale stendi, leo anapangia tumbo lako ratiba. Na huyo daktari wenu, cheti chake kakiona nani? Tangu serikali iseme ruksa, kila mwenye koti jeupe na friji ni daktari.

Sikiliza, maana naona shule yote niliyokusomesha ilikupita pembeni. Wiki za mwisho, hizo ambazo mumeo anadhani ni za kukaa bure, ndizo mapafu yanapokomaa. Ndizo mtoto anapojaza mafuta ya kumpa joto na kupata nguvu ya kunyonya. Nina miaka ishirini na tisa wodi ya wazazi. Hao wanaotoka kabla ya siku zao nawajua: wanahema kwa mbavu, ngozi imewalegea, ukiwapa ziwa hawalishiki. Mama zao wakianza kulia nawaambia ukweli wao palepale. Wodini wananiita Pilipili, na sijawahi kukasirika.

Utabeba hadi Desemba iishe. Ukimtoa kabla, usiniandikie.

Shangazi yako,
Hildegarda


Mikumi, 2 Oktoba 1993

Shangazi,

Shikamoo. Habari za hapo? Huku tunaendelea.

Barua yako Pastory aliifungua kabla yangu, na tuligombana siku tatu. Anasema wewe umebaki kwenye enzi za foleni ya sukari. Hata hivyo nimemwambia sindano sichomwi, na amekubali kwa kununa. Nitabeba hadi mwisho, kama ulivyosema.

Nilitaka kukuuliza jambo moja. Mgongo unavuta mara mojamoja, chini kabisa, hasa nikishabeba magodoro ya gesti. Ni kawaida?

Mwanao,
Oliver


Kilosa, 9 Oktoba 1993

Oliver,

Marahaba. Mimi mzima.

Mgongo! Niambie mwenye mimba asiyeumwa mgongo nikamwangalie. Mama yako alilima hadi wiki aliyokuzaa, na hakumwandikia mtu barua. Nyinyi wa kisasa mtoto akigeuka tumboni mnataka dunia nzima isimame. Magodoro mwachie huyo tajiri wako ayabebe, kisha tulia. Kila ukijikuna usininunulie stempu.

Shangazi yako,
Hildegarda


Kilosa, 8 Novemba 1993

Oliver,

Hata salamu sikupi.

Filipo, kondakta wa basi la Mikumi, kaniambia jana kwamba umejifungua tangu mwezi uliopita. Oktoba! Hata hiyo Novemba yenu imewashinda kuisubiri. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba sindano umeikataa, kumbe ulikuwa unanifumba macho. Hongera. Gesti imepata mpishi. Mwambie Pastory aandike kwenye kibao cha mlangoni kwamba humu hata watoto wanatolewa mapema.

Nimekulea miaka kumi na sita na leo naona haya kukutaja mbele ya wenzangu.

Hildegarda


Mikumi, 15 Novemba 1993

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Sindano sikuchomwa. Daktari yule sijamtia machoni tangu Septemba. Uchungu ulianza wenyewe Jumatatu tarehe 25 Oktoba, mgongo ukibana na kuachia, na safari hii nilijua si kawaida. Pastory alitaka kukodi gari siku ileile anilete kwako Kilosa. Nikakataa. Niliuogopa mdomo wako kuliko uchungu. Nilikaza khanga kiunoni nikaendelea kutandika vitanda, nikimwambia ni mgongo tu, kila mwenye mimba unamuuma.

Jumatano chupa ya uzazi ikapasuka. Hospitalini, muuguzi alinishika mkono akaniambia kwa upole kwamba ningefika juzi yake wangenilaza na kunipa dawa ya kutuliza uchungu. Alisema mara nyingi unatulia na mimba inaendelea. Mimi nilikuwa nimebakiza wiki tisa.

Alikuwa wa kike, kilo moja na nusu. Yote uliyoniandikia ni kweli, shangazi, niliyaona kwa macho yangu: alihema kwa mbavu, na ziwa hakuliweza. Aliishi siku mbili. Tulimwita Sesilia, na Pastory alichimba kaburi mwenyewe. Nimekaa bila kukuandikia kwa sababu sikuwa na nguvu ya kujibishana.

Najua ukiisoma hii utapanda basi. Njoo, sina mama mwingine. Lakini ukifika usiniambie neno lolote. Kaa tu karibu yangu.

Mwanao,
Oliver