Mkebe wa Pipi Uliokuwa Wazi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Khao Phlu, mkoa wa Chanthaburi

Jina: Orawan Thepsorn (nyumbani huitwa Fai)
Umri: miaka 15
Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: kijiji cha Nong Takhian, kando ya mfereji wa mashamba
Aliyeketi pamoja na shahidi: Mwalimu Wilai, kwa ombi la shahidi mwenyewe

Leo ni Jumamosi, tarehe 1 Juni, mwaka 2567 wa Kibudha. Naahidi kusema yote niliyoyaona na kuyasikia, hata yale ambayo ningependa yasifike nyumbani kwetu. Mwalimu Wilai alitufundisha kwamba anayeeleza tukio aanze na alichokiona, halafu ndipo aseme alichofikiri. Nitajitahidi kufuata hivyo.

Afande Kanokwan ameniambia kwamba baba yangu, Decha Thepsorn, ameandikisha kuwa mimi ndiye niliyemfungulia mlango wa gari, kwa hiari, kwa sababu nilitaka yeye na mama wapatane. Sikumfungulia. Ili nieleze mlango ulifungukaje, lazima nianze na ufunguo.

Gari letu ni pikapu ya kuwasha kwa kitufe. Ufunguo hauchomekwi popote, unakaa mfukoni tu, na ukisogea karibu na mlango kisha ukagusa kishikio, mlango huo unafunguka. Lakini ufunguo ukiwa ndani ya gari na milango imefungwa, aliye nje hafunguliwi. Mwaka jana, baba alipomvunja mama kiwiko, alichukua ufunguo akautupa mferejini ili mama asiende hospitali. Tulitembea mpaka barabara kuu kutafuta msaada. Baada ya hapo hakimu alimkataza baba kukanyaga kwetu, na mama akatengenezesha funguo mbili. Mmoja alitembea nao. Wa pili aliuficha.

Mahali alipouficha ni ndani ya kijumba cha mzimu anayelinda kiwanja, kile kinachosimama juu ya nguzo mbele ya nyumba, ambamo tunamwekea sadaka za chakula na vinywaji, hapo hapo tunapoegesha gari. Mama aliniambia mimi peke yangu. Alisema, “Baba yako atapekua kabati, atapekua gunia la mchele, atapekua hata begi lako la shule. Lakini mkono wake hautaingia mle. Mtu yule hamwogopi hakimu, ila mzimu anamwogopa.” Ufunguo aliuweka ndani ya mkebe wa bati, akaufunika kwa pipi, akafunga kifuniko. Bati linauzuia ufunguo usisikike na gari. Tulijaribu pamoja: mkebe ukiwa umefungwa, nikagusa kishikio cha mlango wa abiria, ulio karibu kabisa na kijumba, na mlango haukufunguka. Mama akacheka. Alisema, “Sasa hata mzimu hawezi kutuibia.”

Bibi hakuambiwa. Bibi Thongbai ni mama mzazi wa baba, lakini hakimu alipotoa amri yeye alichagua kubaki na sisi. Mama anampenda sana. Tatizo ni kwamba baba akimpigia simu akalia, Bibi humwambia kila kitu mpaka tulichopika. Kwa hiyo mama alimwambia tu kwamba zile pipi ni nadhiri yake kwa mzimu, zisiguswe.

Tarehe 30 Mei, siku ya Alhamisi, ilikuwa siku takatifu ya Kibudha, inayohesabiwa kwa mwezi. Asubuhi nilipoondoka kwenda shule Bibi alikuwa anaosha vikombe vya sadaka. Kisha, kama kila siku takatifu, alikwenda hekaluni kushinda huko.

Saa kumi na dakika arobaini jioni mama alikuja kunichukua shuleni. Tulifika nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Aliegesha gari mahali pake, pua ikitazama ukuta, upande wangu ukitazamana na kijumba cha mzimu, akazima. Nilikuwa nafungua mkanda niliposikia lango la chuma likiburutwa nyuma yetu. Baba alikuwa analifunga kutoka ndani. Pikipiki yake alikuwa ameiegemeza kwenye lango hilo hilo. Alivaa shati la kazi la mashamba ya doriani, na kiunoni alikuwa na kisu cha kukatia vikonyo vya matunda hayo, kile kirefu chenye mpini wa mti.

Mama alibonyeza kitufe cha kufunga milango yote. Nilisikia kufuli nne zikilia kwa pamoja. Akaniambia, “Usiguse kitu. Usimtazame.” Akapiga simu polisi. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza gesi.

Baba alikuja upande wa mama, akagonga kioo kwa vidole.

“Bussaba, shuka tuongee.”

“Decha, hakimu alishakwambia usifike hapa.”

“Hakimu! Hakimu ndiye aliyekuoa? Hakimu ndiye aliyejenga huu ukuta?”

“Polisi wako njiani.”

“Waje. Wakifika watakuta nimeshakunywa chai.”

Alivuta kishikio cha upande wa mama mara kadhaa, hakikufunguka. Akageuza kisu na kupiga kioo kwa mpini. Kioo kiliota nyufa kama utando wa buibui lakini hakikuanguka. Mama alinishika goti. Alisema taratibu, “Hawezi kuingia. Ufunguo ninao mimi.”

Ndipo baba alipoinama akaniona vizuri. Sauti yake ilibadilika, ikawa ile ya zamani alipokuwa akinibeba mabegani sokoni.

“Fai, mwanangu. Umekuwa mrefu. Mfungulie baba.”

Nilikaza macho kwenye dashibodi, kama mama alivyoniagiza.

“Nani kakufundisha kumfungia baba yako nje kama mbwa? Eti, Fai? Na shule yote hiyo?”

Mikono yangu niliikalia. Nataka iandikwe hivyo hivyo: mikono yangu yote miwili niliiweka chini ya mapaja nikaikalia, kwa sababu niliogopa isije ikagusa kitu bila mimi kutaka.

Baba alizunguka mbele ya gari, akapita kati ya gari na kijumba, akashika kishikio cha mlango wangu. Gari lililia mara mbili. Taa za pembeni ziliwaka. Vioo vya pembeni, vilivyokuwa vimejikunja, vikajikunjua, kama linavyofanya mama akilirudia na mizigo ya sokoni. Mlango ukafunguka. Baba mwenyewe alishtuka. Nilimwona. Alisimama kidogo akiutazama mkono wake juu ya kishikio, kisha akacheka.

“Ona! Gari lina adabu kuliko nyinyi. Linamjua mwenyewe.”

Alinishika nywele, penye msuko, akaniburuta nje. Nilianguka kwa magoti kwenye changarawe. Sikuweza kusimama kwa sababu alikuwa akitembea huku ameushika msuko, akielekea kwenye lango, akisema, “Huyu anakuja na mimi. Wewe baki na hakimu wako.”

Mama angeweza kubaki ndani. Alikuwa upande mwingine, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Alitoka kwa kupitia kiti changu, na viatu vyake vikabaki garini. Alimrukia baba mgongoni akamng’ata sikio. Baba aliniachia, akageuka, na akamchoma. Mara ya kwanza begani. Mama hakulia, aliendelea kumshikilia shingo. Mara ya pili mkononi, alipojikinga, na hapo vidole vyake viwili vilikatika ngozi mpaka nikaona cheupe. Mara ya tatu tumboni, chini ya mbavu, upande wa kushoto. Hapo alikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka.

Niliinuka nikachukua kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa chupa ya soda nyekundu ya sadaka ya mzimu, ikiwa na mrija wake. Nilimpiga nayo baba usoni kwa nguvu zangu zote. Chupa ilipasuka. Alipepesuka akajishika jicho. Soda na damu vilichanganyika juu ya shati lake na juu ya mikono yangu, na sikuweza kujua kipi ni kipi. Nilimpiga tena kwa shingo ya chupa iliyobaki. Sijui nilimpata wapi. Nilitaka afe. Naahidi kusema yote, na hilo ndilo nililolitaka wakati ule.

Alinisukuma kwa teke nikagonga nguzo ya kijumba. Akamwinamia mama, akatoa ufunguo kwenye mfuko wa sketi yake, akautupa juu ya ukuta, mferejini, kama mwaka jana. Alisema, “Haya. Endesheni sasa.”

Jirani yetu, Mjomba Prasoet, mwenye kibanda cha kuziba pancha, alikuwa amesikia. Aliruka ukuta akiwa na chuma cha kubandulia matairi. Alimpiga baba mkono wa kisu, nikasikia mfupa, na kisu kikaanguka. Baba alipokiinamia, Mjomba akampiga goti, mara mbili. Baba alilia, “Prasoet, mimi rafiki yako!” Mjomba akamjibu, “Lala hapo hapo, rafiki yangu. Ukiinuka nakumalizia la pili.”

Mama alikuwa wa kijivu usoni. Mjomba alivua shati akalikandamiza tumboni mwake. Gari la Mjomba lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Alisema, “Ufunguo uko wapi, Fai? Ufunguo!” Mimi nilikuwa natazama ukuta. Mama akafumbua macho. Alisema neno moja tu: “Mkebe.”

Nilipeleka mkono ndani ya kijumba cha mzimu. Mkebe ulikuwa mbele kabisa, kati ya maua na sahani ya wali. Ulikuwa wazi. Kifuniko kilikuwa kimewekwa chini yake vizuri, kama kisosi. Pipi zilikuwa zimesogezwa pembeni na sisimizi walikuwa wameshafika, na ufunguo ulikuwa juu yake, umewekewa ua la jasmini.

Hapo nilijua mlango ulivyofunguka.

Tulimpakia mama. Mjomba aliendesha huku honi ikilia njia nzima, mimi nikikandamiza shati. Polisi tulipishana nao kwenye daraja la mfereji, wakaenda kumchukua baba. Daktari alisema wengu ulikuwa umechanika, na kwamba kama tungesubiri gari la wagonjwa kutoka mjini, asingefika. Mama yuko hai. Jana alikunywa uji vijiko vitatu, akaniuliza kama nimefanya kazi za shule.

Bibi alifika hospitali akiwa bado na nguo zake nyeupe za hekaluni. Alikaa chini karibu na kitanda, akashika miguu ya mama, akalia. Usiku kucha hakutaka kumtaja baba. Asubuhi, tulipokuwa peke yetu kwenye ngazi, aliniambia kwa kunong’ona, kama anayenipa zawadi:

“Fai, unajua kwa nini mama yako hakufa? Jana nilimfungulia mzimu ule mkebe. Miezi yote hii mama yako anamwekea pipi ndani ya bati lililofungwa! Hivi mimi nikikukaribisha chakula sufuria imefunikwa, si utasema nakudhihaki? Soda naifungua, naweka mrija. Pipi nazo nikazifungua. Nikakuta na ufunguo wa gari mle chini, nikasema kumbe amemkabidhi na gari, nikauweka juu auone. Siku hiyo hiyo akamlinda. Ameshiba, ndiyo maana.”

Nilimwambia, “Ndiyo, Bibi.”

Naeleza hili kwa sababu wakili wa baba anaweza kusema Bibi alikuwa na njama na mwanawe. Hakuwa nayo. Bibi hawezi kuona sadaka imefunikwa akaiacha. Hajui gari letu linavyofanya kazi. Kwake ufunguo ni kitu cha kuchomeka, na usipouchomeka umelala. Tangu siku ile hajapokea simu yoyote kutoka mahabusu, ingawa imelia mara nyingi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nimeyasema kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu.

Sahihi: Orawan Thepsorn

Maoni ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya mbele ya Mwalimu Wilai. Amesahihisha neno moja: niliandika “alinivuta”, naye akataka “aliniburuta”. Leo mchana nimekwenda nyumbani kwao nikajaribu gari lile kwa ufunguo uliobaki. Mkebe ukiwa umefungwa ndani ya kijumba, mlango wa abiria haukufunguka. Kifuniko kilipoondolewa, ulifunguka kwa kuguswa. Shahidi ameomba kuongeza mistari michache kwa mkono wake, nimemruhusu. – Mkaguzi Msaidizi Kanokwan Srimuang

Nyongeza ya shahidi:

Afande Kanokwan, nashukuru kwa kwenda kujaribu mwenyewe. Sasa najua kwamba nitaaminiwa. Bibi ameapa kuwa siku ya kesi atakaa mstari wa mbele ili baba amwone yuko upande wetu, na mama atakuwa amepona, naye atakaa pembeni yake. Mama ameshajua kuhusu mkebe, nilimwambia, akafumba macho kisha akasema, “Bibi asiambiwe.” Naomba unijibu kupitia Mwalimu Wilai kabla Bibi hajarudi nyumbani kupanga sadaka nyingine: siku maelezo haya yatakaposomwa, je, mtu anaweza kumtoa Bibi nje ya chumba, hata kwa kumwomba tu amletee mama maji?