Ng'ombe wa Zuhura

Ilomba, Jumatano, Juni 1954

Damu bado ipo mlangoni. Nimeimwagia majivu, haijafutika.

Mchumba wa binti yangu Zuhura ni Mwislamu wa Rujewa, Msangu. Leo yeye na wazee wake walileta ng'ombe wawili wa mahari na, kwa desturi yao, wakanikabidhi kamba mimi baba. Kwetu Kilwa mahari ni mali ya bibi harusi, lakini nilichelea kuwavunjia heshima wageni. Nikaipokea.

Karani wa msimamizi wa ufilisi wangu, aliyekuja kukagua mali, alikuwa akitazama.

"Mzee, mpaka mahakama ikuondoe kwenye ufilisi, kila unachopata ni cha wanaokudai. Umebaki na cherehani na godoro tu."

"Hawa ni wa Zuhura."

"Mbona umepokea wewe?"

Akaivuta kamba. Mchumba akampiga fimbo ya kichwa, kisha ya mdomo, na alipoanguka akamkanyaga mbavu. Nilipoingilia nikapigwa kiwiko. Karani alitema jino. Askari wakaja, wakamtia kijana pingu, wakawaswaga na ng'ombe.

Huku ugenini nimezeeka, na leo...

Zuhura ameniletea chai. "Baba, kesho waambie wachukue ng'ombe, wamwachie mtu wangu."

Nimemweleza kwamba haiwezekani. Ng'ombe wakiwa wangu, kijana amempiga karani aliyekuwa kazini. Wakiwa wa Zuhura, kijana alikuwa akilinda mali ya mchumba wake.

"Basi sema ni wangu," amejibu. "Na useme kwa nguvu, baba. Leo ulinong'ona."