Mabati Aliyoyafuga Mkweo

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa barazani na miguu umeinyoosha juani kama kawaida yako, na kile kikohozi cha asubuhi kimekuachia nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka jino la mbele na ameniagiza nikwambie usimcheke utakapomwona. Sweta uliyomfumia imemkaa vizuri, ila mikono ni mirefu. Anasema bibi alikuwa anamfumia yeye wa mwakani.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu yako, mama, ikilia hupokelewa na yeyote aliye karibu, na sauti hufunguliwa kwa nyumba nzima mpaka jirani anaitikia salamu. Haya nataka uyasome mwenyewe, na miwani yako, mlango umefungwa.

Katika barua yako umeniuliza mambo mawili: kama nakula, na kama nimelizoea paa. Kula, nakula. Paa sijalizoea. Paa lile, mama, limenitia kinyaa tangu siku nilipoliona. Neno hilo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika, maana najua lilikuwa zawadi, na wewe hukutulea tuzitemee mate zawadi. Nimetafuta neno la upole zaidi sikulipata.

Unaikumbuka kazi ya marehemu mke wangu. Hakuwahi kukata kitambaa cha mteja kabla ya kufua kipande chake kidogo na kukianika juani. Wateja walinung'unika kwamba anawachelewesha, na bado walirudi. Kipande kikitoka salama, alichora kifungo upande wa ndani kwa ile chaki yake ya buluu. Kikichuja rangi au kikipungua, alichora mkasi. Kifungo maana yake tushone. Mkasi maana yake rudisha dukani.

Basi kuta zetu zilipokwisha kupanda na ikabidi tuchague mabati, alifanya vilevile. Alizunguka madukani akiomba vipande vya mabaki, akavipigilia juu ya banda la kuku: chekundu chenye mikunjo kama vigae, kijani, cha kahawia, na kimoja kisicho na rangi yoyote, kinene, kibaya cha sura, ambacho muuzaji alikuwa amezuilia mlango wa choo. Akasema tuwaachie jua na mvua kazi hiyo. Banda likawa kama shuka la viraka. Majirani wakawa wanapita wakiuliza mabati yametaga mangapi. Walisema mwenzao hafugi kuku, anafuga mabati. Yeye alicheka kuliko wote, akawajibu kwamba akipata jike zuri atawagawia mbegu.

Moyo wake ulikuwa kwenye kijani, hilo nalijua. Aliwahi kukiwekea kitambaa chake cha kichwa kando, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha shingo kama anayempima bibi harusi. Chekundu kilianza kubabuka msimu wa kwanza tu wa mvua. Kilitoa magamba kama ngozi ya mtu aliyeungua. Alinionyesha akiwa amekunja pua, akakikwangua kwa ukucha, ukucha ukatoka na rangi. Vile vingine hakuniruhusu kuchungulia chini yake, kama alivyowakatalia wateja kuona nguo ambayo haijapigwa pasi. Aliniambia tungoje masika moja zaidi, ndipo atakapotoa jibu. Masika hayo hakuyaona.

Baada ya mazishi kaka mkubwa alisisitiza nije kwako nikapumzike. Nilikuja. Na nilipofunga mizigo kutaka kurudi, mguu wako ukaanza kuuma, nikafungua mizigo. Hilo la mguu nitalirudia.

Siku niliyorudi, niliuona wekundu kabla sijaiona nyumba. Wekundu wa ufizi uliovimba, mama, unang'aa juani mpaka macho yanatoa machozi. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na kijiti cha meno mdomoni, mikono ameipanua, akaniambia nitazame juu. Nilitazama. Lilikuwa bati lilelile la mikunjo ya vigae. Alisema amelichagua kwa sababu mkuu wake kazini ameezekea hilohilo, na kwamba watu walikuwa wanamuuliza inakuwaje yeye ana gari na mdogo wake analala chini ya turubai. Kisha akacheka, akasema marehemu, Mungu amrehemu, alituchelewesha sana, mwanamke wa kufuga mabati.

Maneno yalikuwa yaleyale ya majirani. Lakini katika kinywa chake, pamoja na kile kijiti, yalininukia kama maji yaliyolala kwenye ndoo.

Nilizunguka nyuma ya nyumba. Pale palipokuwa na banda palibaki manyoya na mchanga uliochimbuliwa. Alisema aliamuru libomolewe kwa kuwa lilikuwa linaiaibisha nyumba, na kuku walikuwa mboga ya mafundi. Vipande vyote vilitupwa. Nilimshukuru, mama. Mdomo wangu tu ndio ulioshukuru.

Kilichoniuma zaidi ya rangi ni kwamba jibu la marehemu lilitupwa pamoja na vile vipande. Mtu ameondoka, na neno la mwisho alilokuwa ameniahidi limekwenda jalalani na manyoya ya kuku.

Mvua zilipoanza, paa lilitokwa jasho. Maji yalipenya pale juu kabisa ambapo pande mbili zinakutana, yakashuka ukutani na rangi ya chai iliyokaa. Yalidondokea godoro. Yalidondokea sufuria. Rangi ikaanza kubabuka, na juu ya maji tuliyokinga kwenye pipa yakaelea magamba mekundu, kama mtu amekata kucha zenye rangi humo ndani. Asubuhi moja nilimkuta mjukuu wako anayatoa kikombeni kwa ncha ya kidole, moja moja, anayapanga ukingoni mwa meza. Aliniuliza kama nyumba yetu inaumwa.

Nilichukua kipande kilichobanduka, nikaenda nacho dukani alikolinunua kaka. Muuzaji ni yule mnene ambaye watu humwita Ofa, kwa kuwa hakuna siku duka lake halina ofa. Alikitazama, akatema mate kwenye kidole gumba, akaanza kukisugua mbele yangu, huku akiniambia hiyo si kutu, ni vumbi la kutu, na bati huhitaji muda wa kuzoeana na nyumba. Alisugua mpaka mate yakawa ya kahawia. Kisha akanirudishia mkononi, na akanipa mkono wa kuagana, wenye kidole kilekile. Nilinawa njiani, nikafika nyumbani nikanawa tena.

Sehemu moja tu haikuvuja. Pembeni mwa sebule, juu ya cherehani ya marehemu, palikuwa pakavu. Mvua inyeshe itakavyo, pale halidondoki tone. Tukawa tunajibanza hapo mimi na binti yangu, na mabeseni yametuzunguka. Sikuelewa sababu, na sikutaka kuuliza. Kitu kizuri kimoja ndani ya nyumba hukiulizi maswali.

Sasa nifike kwenye yaliyonifanya niandike. Kaka alikuja na wenzake wa kazini kuwaonyesha paa. Hakuniambia. Walisimama sebuleni na viatu vyao, katikati ya mabeseni, yeye akiwaeleza ubora wa bati na kusema matone yale ni umande wa ndani tu, utakwisha. Mmoja wao alipouliza mbona pale kwenye cherehani ni pakavu, kaka alishika kichwa cha ile cherehani, akaipigapiga kama mtu anavyompigapiga farasi wake, akasema hapo ndipo marehemu alipokuwa anakaa, na ukavu ule ni yeye anatuonyesha kwamba paa limempendeza.

Nilitoka nje, mama, nikatapika ukutani. Si maneno ya kupamba barua. Nilitapika kweli, na mjukuu wako akaniletea maji ya kusukutulia, naye kwanza akayachungulia kama yana magamba.

Nisikilize sasa, na usimpigie mtu simu kabla hujamaliza kusoma. Kesho yake nilimwita fundi aliyeliezeka paa lile, nikamwambia aling'oe. Alibisha kidogo kwa adabu, kisha akapanda ngazi. Ninavyokuandikia nyumba yangu haina paa. Mabati mekundu yamepangwa uani vizuri, hakuna hata moja lililokunjwa, na kaka nimemjulisha aje ayachukue. Alinijibu kwamba mimi ni mtu wa ajabu, kwamba msiba umenila akili, na kwamba anakuja kwako kukuelezea. Huenda barua hii itafika naye yuko hapo kibarazani anakunywa chai yako. Mkaribishe tu. Ni mwanao, na kaburini alilia kwa kweli, nilimwona.

Lakini kuna jambo yeye hana habari nalo. Fundi alipofika juu, juu ya cherehani, aliacha kugonga. Akashuka na kitu amekishika kifuani kama anayebeba sahani ya mtu mwingine. Alisema aliona haya kunieleza siku zote. Kofia ya paa, ile inayofunika pale juu pande zinapokutana, ilipunguka walipokuwa wanamalizia. Kaka alikuwa ameondoka na gari, na alikuwa ameagiza kazi iishe kabla sijarudi. Basi fundi akaenda kwenye rundo la banda lililobomolewa, akachagua kipande ambacho hakikuwa na kutu hata alama, akakikunja, akakipaka rangi nyekundu ya kopo ili kisitambulikane, akakipigilia. Rangi ya kopo ilikuwa imekwisha kuoshwa na mvua. Kilikuwa kile kibaya cha sura, cha mlango wa choo.

Nilikigeuza. Upande wa ndani, ambako mvua haikufika, kulikuwa na kifungo cha chaki ya buluu. Amekichora vizuri, na matundu yake manne, na uzi umepitishwa.

Kwa hiyo alikuwa amekwisha kuamua, mama. Aliyempenda ni kijani, aliyemchagua ni huyu. Nadhani aliniambia tungoje masika moja zaidi ili aagane na kijani chake taratibu. Alikuwa hivyo.

Nitaezeka kwa bati la aina hiyo, chumba kimoja kwanza, kisha kingine. Fundi amesema kazi hii ataifanya polepole, na hatapokea simu ya mtu yeyote akiwa juu ya ngazi.

Na sasa mguu. Najua haukuwa unauma. Ulipojisahau siku ile ukamkimbiza yule mbuzi aliyeingia kwenye mchicha, nilikuona dirishani. Nilidhani unanitaka tu karibu, nikafurahi, nikakaa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mlikuwa mmepanga na kaka kunizuia mpaka paa liishe. Sikukasirikii hata kidogo. Ulitaka nirudi nikute nimefunikwa. Nilitaka tu ujue kwamba najua, ili usiubebe mguu huo peke yako, na ili ukija usijisumbue kuchechemea.

Maana nataka uje. Chumba cha kwanza kuezekwa kitakuwa chako. Kwa sasa mimi na binti yangu tumerudi chini ya turubai, tunapafahamu. Kile kipande nimekirudisha mahali pake, juu ya cherehani, fundi amekipigilia kwenye mbao tupu. Ukitazama kutoka barabarani unaona mifupa ya nyumba nzima iko wazi, na katikati paa lenye ukubwa wa kitambaa cha meza.

Jana jirani wa ng'ambo alipita, akasimama, akakitazama muda mrefu. Kisha akauliza kama kimeshataga. Nilicheka, mama, mpaka nikakaa chini.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na kaka pia kama amefika. Mwambie chai ya kwangu ipo. Mjukuu wako anakubusu mikono yote miwili, anasema uje na sindano zako umpunguzie sweta.

Ni mimi mwanao,

Kitindamimba