Mufuko ya Bunga ya Nyumba ya Bel-Air

Ilunga, mujukuu wangu,

Huku Lubumbashi tuko bazima. Mama yako anakohoa kidogo tu, usiogope. Mimi njo mwenye kuogopa, toka ulipiga simu. Unaniuliza kama ni mubaya weye, mwenye ulisoma pale na sasa unabalisha, kuambia nyumba ya banafunzi ya Bel-Air: "Mufukuze kwanza ule kijana mwenye alinitukana, kiisha nitatuma bunga."

Mutoto wangu, unajua nilikuwaka mupishi wa ile nyumba. Bakubwa benye balisoma pale njo balikuwa banalisha badogo. Siku moja mukubwa mumoja alifika na mufuko ya bunga ndani ya gari. Banafunzi balikuwa habajakula toka jana, na mayi ya kupika bukari, ugali yetu, ilikuwa inachemka. Akasema:

"Mufukuze ule wa mudomo mingi, njo nitashusha."

Ule wa mudomo mingi alikuwa nkambo yako mwanaume, mbele ya kunioa. Alisimama, akakamata valizi yake ya nguo aende. Shefu wa nyumba, mwanafunzi mwenye kuongoza benzake, akamuvuta shati: "We, ikala hapa!" Kiisha akaniangalia mimi: "Yaya, toa mayi pa moto, leo hatupike."

Nilitoa. Gari ikaenda na bunga yake.

Nkambo yako alipopata kazi, kila mwezi alipeleka mufuko kule. Anaiweka pa mulango, anarudi mbio. Nikamuuliza: "Hausalimie hata batoto?"

Akacheka: "Nikibajua, nitaanza kuchagua."

Ilunga, ule kijana mwenye alikutukana, leo amekula? Piga simu uniambie, moyo yangu itulie.

Nkambo yako mwenye kukupenda