Arobaini Siyo Likizo

Jumanne, 8 Julai
Mama kanikanda. Maji ya moto kupita kiasi, kawaida yake. Uji wa pilipili manga, mabakuli mawili. Nikikaa, nyuzi bado zinauma.

Ujumbe wa Fadhili: arobaini ikiisha, tarehe 22, niwe kazini. Nadhani kakosea. Likizo ya uzazi kisheria ni karibu miezi mitatu, na kuyajua hayo ndiyo kazi yake. Henrik yuko kwao Ulaya, anauza safari za mbugani. Mimi huku Bagamoyo najibu simu za wateja wake. Sheria zetu hazijui, ndiyo maana anamlipa Fadhili, kule Dar, atuajiri kwa niaba yake.

Alhamisi, 10 Julai
Hajakosea. Mwanahizaya! Eti nimeomba mwenyewe. Kanisomea ujumbe niliomtumia nilipotoka hospitali: "Nimejifungua salama, sasa niko ndani, arobaini." Basi hiyo ndiyo barua yangu ya likizo. Kampelekea Henrik siku arobaini, Henrik kakubali.

Angekuwa mtu wa kutoka bara ningesema hajui. Fadhili mtoto wa Kaole, hapa jirani, kazaliwa na kukulia hapo. Anajua fika kwamba arobaini ni mzazi kukaa ndani akandwe, haihusiani na ofisi. Hana haya. Namchukia.

Jumapili, 13 Julai
Nimegombana na mama. Yeye anaona arobaini ikitimia mtu ameshapona, wao walikuwa wanarudi shamba. Nimemwambia shamba alikuwa anabeba mtoto mgongoni na kunyonyesha kivulini. Mimi ni masaa manane na simu masikioni, mtoto haruhusiwi hata kulia. Kanuna. Uji wa jioni kaleta dada.

Hata mama hayuko upande wangu. Nimelia, basi.

Jumanne, 15 Julai
Nimemruka Fadhili, nimemwandikia Henrik mwenyewe. Jibu limekuja haraka, adabu tele. Kumbe aliambiwa siku arobaini ndiyo likizo ya dini yetu. Alifurahi sana kuiheshimu. Sasa anauliza kwa upole kama naomba ruhusa ya kuvunja mila yangu.

Loo! Nimecheka mpaka nyuzi zikanikumbusha. Halafu hasira. Nikamjibu: arobaini ni ya mama yangu, likizo ni ya sheria, na mkataba niliotia saini unasema sheria ya Tanzania. Amuulize wakili yeyote, siyo Fadhili.

Ijumaa, 18 Julai
Fadhili kapiga, anafoka. Nimemvunjia heshima. Nimemharibia kwa mzungu. Nikiendelea na ujuaji wangu Henrik atahamishia kazi nchi nyingine, na wenzangu wote watajua nani kawakatia riziki.

Hapo nikampa vidonge vyake. Nikamwambia tutakutana ofisi ya kazi ya serikali, aje na tafsiri yake ya arobaini, awaeleze. Ghafla sauti yake ikawa laini: dada yangu, mbona tunaweza kuelewana. Mie siyo dada yake.

Nikipoteza kazi hii sina nyingine. Hilo naliandika hapa tu.

Jumanne, 22 Julai
Arobaini imetimia. Asubuhi mtoto katolewa nje, kafumba macho kwa jua. Mama kapika wali wa nazi. Hatujataja ugomvi.

Barua ya Henrik imefika. Likizo mpaka mwanzoni mwa Septemba, mshahara kamili. Kaomba radhi. Nimesoma mara mbili nikaweka simu chini.

Alasiri kaja Zuhura kumwona mtoto, kaleta sabuni na kanga. Ni mke wa Fadhili, naye anajibu simu za Henrik kama mimi. Alizaa mwaka jana. Nikamwonyesha barua, nilitaka aone mumewe alivyoshindwa. Akaisoma polepole.

"Kumbe likizo ilikuwa inazidi arobaini?"

Akaomba ampakate mtoto. Akakaa naye mpaka magharibi, nami sikumwambia amrudishe.