Nyumba Isiyo na Mshono

Malampaka, 9 Novemba 2024

Wifi yangu Winnie,

Mwangaluka. Sisi na watoto hatujambo, mvua zimeanza na watu wako mashambani. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii.

Nyumba uliyomjengea Baba ni nzuri, watu wanatoka stesheni kuja kuishangaa. Lakini wanaoishi humo ni sisi. Jiko, sebule na njia ya bafuni, vyote ni ukumbi mmoja. Kwenye mji wa zamani nilikuwa na mlango wangu. Baba mkwe akikohoa najua alipo, nazunguka. Sasa nikitoka kuoga na khanga yangu, yuko mbele yangu kwenye kiti. Anageukia ukutani mpaka nipite. Anaona aibu yeye, naona aibu mimi.

Naomba ukuta mmoja na mlango mmoja tu. Kaka yako Masunga hagusi kitu mpaka useme wewe. Basi sema.

Wifi yako,
Jenifer


Dar es Salaam, 24 Novemba 2024

Wifi Jenifer,

Habari za huko? Mimi mzima ila nimechoka, tuna maandalizi ya maonyesho ya mavazi.

Barua yako imeniudhi, sikufichi. Nyumba ile niliibuni kama ninavyobuni gauni: kitambaa kimoja kinachomzunguka mtu, bila mshono katikati. Hata Joakim, msanifu majengo aliyenichorea ramani, aliomba kuta mbili nikamkatalia. Mwezi wa kwanza nakuja na wapiga picha na wanamitindo, gauni na nyumba vionekane pamoja. Mkiweka ukuta mmeniharibia kazi ya miaka.

Mambo ya mkwe kujificha yamepitwa na wakati. Baba ni Mkatoliki, anaelewa. Mtazoeana tu.

Wifi yako,
Winnie


Malampaka, 8 Desemba 2024

Winnie,

Salamu za afya leo zitakuwa fupi, kwa sababu afya yenyewe hakuna. Baba amehama. Analala kwenye ghala la pamba, bati linavuja, na kifua kimembana. Nampelekea uji, naweka mlangoni, naondoka.

Unajua watu wanasemaje? Kwamba nimemfukuza mzee kwenye nyumba ya binti yake. Jumapili nilifika kwenye jumuiya, wanawake wote wakanipa kisogo. Baba mdogo Ngassa ameitisha kikao cha ukoo, waamue kama nirudishwe kwetu Mwamanyili. Watoto wangu watabaki na nani?

Gauni lako mtu akilivaa jioni, usiku analivua. Hii nyumba sisi tunaivua wapi? Joakim alikuambia, ukamkatalia, na anayelipia ni mimi. Mpigie Ngassa. Mwambie kuta ulizikataa wewe. Sikuombi kingine.

Jenifer


Dar es Salaam, 16 Desemba 2024

Wifi,

Natumaini Baba anaendelea vizuri. Mwambieni arudi ndani kabla ya picha, ghalani ataniaibisha. Na baba mdogo nitaongea naye nikifika. Msiguse kitu.

Winnie


Malampaka, 5 Januari 2025

Winnie,

Za mwaka mpya. Hukupiga simu, kwa hiyo nakueleza yaliyotokea.

Kikao kilikaa. Ngassa alisema yake, na wengine wakasema yao, kwamba tangu mama yenu afariki mimi nimejifanya mwenye mji. Masunga aliinamisha kichwa. Nilikuwa na hasira, lakini nikanyamaza, maana kwa mkwe kumjibu mzee ni kosa jingine. Ndipo Baba akaingia akitokea ghalani, ameshikilia fimbo. Hakukaa. Akasema, "Huyu hajanifukuza. Binti yangu ametuvua nguo wote wawili."

Kikao kikaishia hapo. Kaka yako aliinuka akaenda kutafuta matofali siku ileile.

Ukuta umesimama, haujapigwa plasta, umepita katikati kabisa ya ukumbi wako. Ni mbaya kuutazama. Mimi nina mlango wa nyuma. Baba bado anakohoa, ila amerudi kitandani kwake na jana alikula ugali akamaliza.

Ukitaka kuja na wapiga picha wako, njoo. Ila siku hizi humu ndani kuna milango, na hata aliyeijenga nyumba anapiga hodi.

Mke wa kaka yako,
Jenifer